Hereni za Kondoo wa Bi Ndeshi

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa woga. Ni adabu tu. Itoshe kusema kwamba iko mahali pake, ina bendera na wimbo, na ina waziri wa kila kitu kinachopumua, pamoja na vitu kadhaa vilivyoacha kupumua zamani lakini bado vinatengewa bajeti.

Mimi ni msoma matangazo wa Kata ya Keremba, kwenye nyanda za juu zenye baridi na majani mazuri. Kazi yangu ni kupanda jukwaani sokoni na kipaza sauti cha serikali na kusoma kilicholetwa kutoka makao makuu. Sisomi kwa hisia. Tulielezwa kwenye semina kwamba hisia ni maoni, na maoni yana idara yake. Haya ninayosimulia niliyaona mwenyewe au niliambiwa na mtu yaliyemkuta, na kila pale niliposhindwa kuelewa nimechukulia kwamba serikali ilikuwa na sababu nzuri.

Mambo yalianza kwa heri. Nchi moja tajiri ya ng'ambo, ambayo watu wake walikuwa wamekinai kuku, ilisema inataka nyama ya kondoo wa Keremba. Ilikuwa na masharti mawili tu: kondoo wawe wazima, na kila kipande cha nyama kijulikane kimetoka kwa kondoo wa nani.

Serikali iliyapokea masharti hayo kwa uzito. Iliunda wizara mpya, na juu yake ikamweka Mheshimiwa Bonaventura Makwinya, Waziri wa Kondoo, Afya ya Kondoo na Sifa Njema za Kondoo Nchi za Nje. Mheshimiwa ni mtu mpana mwenye sauti ya upole. Yeye mwenyewe ni mfugaji. Ana ranchi kubwa kule bondeni, na kondoo wengi ambao huwatembelea sikukuu. Siku alipoapishwa alitoa tamko lake la kwanza, nami nililisoma sokoni neno kwa neno:

"Ndugu wananchi, kuanzia leo magonjwa ya kondoo yamepigwa marufuku katika eneo lote la Keremba. Kondoo atakayeugua atahesabiwa kuwa anahujumu uchumi. Mfugaji atakayeripoti kondoo mgonjwa atahesabiwa kuwa ndiye aliyeuleta ugonjwa huo, maana kabla hajasema haukuwepo."

Watu walipiga makofi. Kondoo waliokuwa mnadani waliendelea kucheua.

*

Bi Ndeshi ni jirani yangu. Ni mjane, mwembamba, mtu wa maneno machache, na alikuwa na kundi zuri kuliko yote Keremba. Kondoo wake walikuwa wekundu, wenye mikia mizito ya mafuta iliyoyumba nyuma yao kama mizigo waliyofurahi kuibeba. Hakuwa na siri yoyote. Aliwatoa malishoni umande ukishakauka, akamtenga yeyote aliyekohoa, na akiona mmoja hachangamki alimwita daktari siku hiyohiyo.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanawe. Niseme vizuri: Sifaeli alikuwa mtoto wa dada yake. Dada alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na Bi Ndeshi, ambaye hakujaliwa kuzaa, alimchukua akamlea kwa maziwa ya kondoo. Kwa taratibu za ukoo yeye ni mama yake mdogo, lakini siku zile sikuwa nimepata kumsikia Sifaeli akiliweka hilo neno "mdogo". Alimwita mama, basi. Akasoma, akawa daktari wa mifugo, na akaomba mwenyewe kupangiwa Keremba wakati wenzake wote wanalilia mjini. Alipokatiza sokoni na buti zake za mpira watu walisema, "Daktari wetu huyo," na Bi Ndeshi aligeuza uso pembeni ili tusimwone akitabasamu.

Ilipofika zamu ya sharti la pili, wizara ilileta hereni za plastiki za njano. Kila moja ilikuwa na namba ya kondoo na jina la mfugaji wake. Sifaeli alikuja kwa mama yake na koleo la kutobolea masikio. Bi Ndeshi alimbana kila kondoo kichwa katikati ya magoti yake, Sifaeli akatoboa, mimi nikashika ndoo ya dawa.

"Inamuuma huyu," Bi Ndeshi alisema.

"Kidogo tu, mama. Ila hii ndiyo ulinzi wako. Hata nyama yake ikifika mwisho wa dunia, watu watajua imetoka kwa Ndeshi wa Keremba."

"Na wakikuta mbovu?"

"Kwako watakuta wapi mbovu?"

Alicheka, naye mama akacheka. Nakumbuka ilikuwa kazi ya furaha kabisa.

Juma lililofuata nilisoma tangazo kwamba ni marufuku raia kula kondoo mwenye hereni. "Nyama ya kiwango cha nje," wizara ilieleza, "haifai kuingia katika tumbo ambalo halijakaguliwa." Mwaka ule harusi za Keremba zilifanyika kwa maharage. Bwana arusi mmoja alinung'unika hadharani, akachukuliwa kwenda kuelimishwa, na aliporudi alikuwa anachechemea kidogo na anapenda sana maharage.

*

Kisha nchi ya wanunuzi ikamtuma mkaguzi.

Maandalizi yalikuwa makubwa. Mawe ya barabarani yalipakwa chokaa. Miti ilipakwa chokaa. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mti kwa muda mrefu naye alipakwa kidogo. Wananchi wenye kikohozi waliombwa wabaki majumbani, isije mgeni akasikia akadhani ni kondoo.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye koti jeupe na mkalimani. Aliandaliwa ngoma, akaandaliwa filamu kuhusu mafanikio ya wizara, akaandaliwa kiti chenye kitambaa. Akauliza kondoo wako wapi. Mheshimiwa Makwinya alimweleza kwamba kondoo wa ranchi yake, kwa bahati mbaya, walikuwa mapumzikoni. Ndipo Sifaeli alipopendekeza waende kwa Bi Ndeshi.

Yule mama wa kigeni alipiga magoti kwenye kinyesi bila kuangalia koti lake. Alifunua midomo, akafunua kope, akawapima joto, akaweka kifaa chake mbavuni na kusikiliza. Alimaliza kundi zima. Kisha akasimama akasema jambo, na mkalimani akatafsiri: "Hawa ndio tunaowataka. Hawa, na walio kama hawa. Wengine hapana." Akampa Bi Ndeshi mkono, mkono huohuo uliotoka mdomoni mwa kondoo, na Bi Ndeshi aliupokea kwa mikono miwili.

Mheshimiwa alitoa hotuba ya shukrani. Alisema kondoo waliokaguliwa si kondoo tu, bali ni sera zilizoota manyoya. Alisema afya yao ni matokeo ya uongozi bora, na kwamba hata mikia yao inaelekea upande wa maendeleo. Hotuba ilichukua muda. Kondoo wawili walilala.

Mgeni alipoondoka tu, nilipewa tangazo jingine: kundi la Bi Ndeshi lipelekwe Karantini ya Taifa kusubiri machinjo. Karantini ya Taifa ilikuwa ndani ya ranchi ya Mheshimiwa, kwa sababu nchi nzima hapakupatikana mahali pengine penye uzio imara.

Bi Ndeshi hakupenda. Alikaa kizingitini, mikono mapajani, akamwambia Sifaeli, "Mwanangu, wapo salama hapa. Kwa nini wasingoje hapahapa?"

"Ndiyo utaratibu, mama. Wakitoka karantini wanaingia machinjioni moja kwa moja, hawakutani na ugonjwa njiani."

"Kule bondeni nasikia wanakohoa."

"Wanaosema hivyo ni watu wa maneno. Mimi ndiye daktari wa karantini. Nitakuwa nao asubuhi na jioni. Huniamini?"

Swali kama hilo mama hulijibu kwa namna moja tu. Aliinuka, akafungua zizi.

*

Baada ya siku kadhaa Bi Ndeshi alitamani kuwaona kondoo wake. Aliniomba nimsindikize, maana beji yangu ya usomaji matangazo hufungua mageti mengi. Walinzi hudhani nimekuja kusoma kitu. Tulikwenda mchana. Mlinzi alisimama wima akatupisha.

Kondoo wake walikuwa katika zizi la nyuma, na walimjua. Walikimbilia uzio wakilia, wakasukumana kumnusa mikono. Alikuwa akiwaita kila mmoja kwa jina, mara akanyamaza. Alimshika jike mmoja kidevu akamgeuza kichwa.

"Hereni yake iko wapi?"

Sikio lilikuwa na tundu tupu lenye damu iliyokauka. Tukamtazama wa pili, na wa tatu. Wote walikuwa na matundu matupu.

Upande wa pili wa uzio tulisikia kikohozi. Walikuwa kondoo weupe wa Mheshimiwa, wamekondeana, kamasi zinaning'inia puani, mbavu zinapanda na kushuka kama wametoka kukimbia. Wengi hawakuweza kusimama. Watu wawili wenye mabomba ya sindano walikuwa wakipita kati yao, wakimchoma huyu na kumrukia mwingine. Na kila kondoo aliyelala pale alikuwa na hereni ya njano sikioni, na juu ya kila hereni limeandikwa jina la Ndeshi.

Mimi nilidhani ni heshima. Nilidhani Mheshimiwa amependa jina hilo. Bi Ndeshi hakudhani chochote. Alisimama akiuangalia uzio mpaka Sifaeli alipotokea ofisini, akitembea haraka, koti lake jeupe halijafungwa vifungo.

"Mama. Umefikaje huku?"

"Sifaeli, hawa ni akina nani?"

"Hereni za wako zilipelekwa kuoshwa," alisema, "kukatokea mchanganyiko." Akaniangalia mimi, akaangalia ardhi, kisha akamshika mama yake kiwiko akamvuta kando. Sikujisogeza mbali sana.

"Sikiliza, mama. Ni meli hii moja tu. Kondoo wa Mheshimiwa wanamalizika, na ranchi ina mkopo, na akianguka yeye tunaanguka wote. Tunawachoma dawa, watapata nafuu kabla ya kuchinjwa. Meli ya pili ni wako watupu. Nakuomba usiseme kitu."

"Dawa hiyo haikai kwenye nyama? Wewe mwenyewe ulinifundisha tusubiri ndipo tuchinje."

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

 Alisema, "Likitokea lolote, mimi nipo. Nitasimama niseme ukweli wote. Naapa kwa kaburi la mama aliyenizaa."

Kaburi hilo liko nyuma ya nyumba ya Bi Ndeshi. Yeye ndiye anayelipalilia.  Alinyoosha mikono akamfunga kijana wake vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Wewe unajua zaidi yangu," alisema, tukaondoka.

Njiani aliniuliza kama nimeona kitu. Nikamwambia kazi yangu ni kusoma, si kuona. Alisema afadhali.

*

Meli iliondoka kwa shangwe. Bendi ya polisi ilipiga, Mheshimiwa alikata utepe, na Sifaeli alipigwa picha akigonga muhuri wa afya kwenye mzoga wa mwisho kabla kontena halijafungwa. Nilitangaza sokoni kwamba nchi yetu sasa inailisha dunia.

Dunia iliionja ikaitema. Wapimaji wa bandari ya kule ng'ambo walikuta nyama imejaa dawa, na mapafu machache waliyotumiwa kama sampuli yameoza. Walifunga biashara. Shehena nzima wakaiacha kwenye jua la bandari wakisubiri mwenyewe aichukue. Na walituma salamu za masikitiko, wakitaka kujua, kwa mujibu wa namba za hereni zilizobandikwa kwenye nyama, huyu Ndeshi wa Keremba ni mtu wa namna gani.

Serikali haikulala. Iliunda Tume ya Kuchunguza Aibu. Kwa kuwa mambo yalihusu ranchi ya Mheshimiwa Makwinya, ilionekana hakuna anayeyafahamu vizuri kuliko yeye, kwa hiyo akateuliwa mwenyekiti. Tume ilikaa katika ukumbi wa kata, na mimi niliitwa nisome mashtaka. Niliyasoma bila hisia. Bi Ndeshi alishtakiwa kwa kuuhujumu uchumi wa taifa kwa kondoo wagonjwa.

Alikuwa amevaa kanga zake za kanisani. Alikaa kwenye benchi la mbele, mgongo umenyooka, hana wasiwasi. Nilimwuliza kwa kunong'ona kama amepata mtu wa kumtetea. Akanionyesha kwa kidevu mlango aliokuwa anaingilia Sifaeli.

"Yule pale," alisema.

Mwenyekiti alimuuliza Bi Ndeshi kama hereni zile ni zake. Akasema hereni ni zake, kondoo si wake. Mwenyekiti akatabasamu kwa huruma, akasema hereni huvaliwa na kondoo, hazitembei peke yake, na kwamba tume ingependa kusikia sayansi. Sifaeli akasimama.

 Bi Ndeshi alimwangalia kama siku za nyuma alivyomwangalia akisoma kwa sauti vitabu vya shule, midomo ikitembea pamoja naye kidogo.

"Daktari," alisema Mheshimiwa, "hereni hizi ulizitoboa wewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwenye masikio ya kondoo wa nani?"

"Wa Bi Ndeshi."

"Je, katika karantini yako kulitokea mchanganyiko wa aina yoyote?"

 Jasho lilimtoka Sifaeli chini ya pua, na ukumbi ule una baridi mwaka mzima. Aliangalia meza, akaangalia dirisha. Kila mahali aliangalia isipokuwa benchi la mbele.

"Hapakutokea mchanganyiko," alisema.

"Mshtakiwa anasema wewe ni mwanawe."

"Ni mama mdogo, Mheshimiwa. Dada wa marehemu mama yangu."

Ndipo niliposikia lile neno kwa mara ya kwanza. Bi Ndeshi naye alilisikia. Hakulia wala hakubisha. Mgongo wake tu ndio uliolegea, taratibu, mpaka akawa amekaa kama watu wengine waliochoka.

Hukumu ilikuwa ya busara sana, na niliisoma vizuri. Bi Ndeshi alipigwa marufuku ya maisha kufuga mnyama yeyote mwenye miguu inayozidi miwili. Kuhusu kondoo wekundu waliokutwa katika zizi la nyuma, tume iliona kwamba hawana hereni. Kwamba kondoo asiye na hereni hana mwenyewe kisheria. Na kwamba kiumbe asiye na mwenyewe akikutwa katika ranchi ya mtu ni wa ranchi hiyo. Mheshimiwa alisema atawapokea kwa moyo mzito, kama mchango wake katika kulinusuru kundi la taifa.

Sifaeli aliondoka kwa mlango wa nyuma. Mwezi huo nilitangaza uteuzi wake: Mkurugenzi Mkuu wa Usalama wa Nyama.

*

Ile nyama sasa. Wenye bandari walichoka kuinusa, wakairudisha kwa meli. Wizara iliwaza la kufanya, kwa maana si nyama iliyofaa kuuzwa nje, na raia hawaruhusiwi kula nyama ya kiwango cha nje. Mtaalamu mmoja akagundua kwamba, kwa kuwa imeshuka melini ikitoka ng'ambo, sasa ni nyama iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Nilitangaza sokoni: "Serikali, kwa kujali afya zenu, imewaletea nyama ya kondoo kutoka nchi iliyoendelea."

Watu walifurahi. Walikuwa wamechoka na maharage. Lakini harufu ilitangulia kufika kabla ya malori, na minong'ono ikaanza. Wizara ikaona inahitajika mtu mwenye kuaminika aonje mbele ya wananchi. Mheshimiwa alikuwa kwenye mfungo wa hiari. Mkurugenzi alikuwa na vidonda vya tumbo. Ikapendekezwa aonje Bi Ndeshi, kama ishara kwamba taifa limemsamehe.

Nilitumwa mimi kumpelekea habari. Nilimkuta zizini, anafagia, ijapokuwa hapakuwa na kitu cha kufagia.

"Atakuwepo?" aliuliza.

"Nani?"

Akaendelea kufagia.

"Atakuwepo," nikasema. "Yeye ndiye atakayekukabidhi sahani."

"Waambie nitakuja."

Jukwaa lilipambwa. Mheshimiwa alizungumza juu ya msamaha, akasema serikali ni kama mchungaji ambaye hata akikupiga fimbo anakuwa anakuonyesha njia. Kisha Sifaeli alisimama na sahani. Alikuwa amevaa suti mpya. Nilikuwa karibu nao, nimeshika kipaza sauti, kwa hiyo nilisikia kila kitu, na soko zima likasikia pia.

Bi Ndeshi alipokea sahani. Nyama ilikuwa imekaangwa kwa vitunguu vingi na pilipili manga, na bado ilinuka. Aliichunguza. Akamtazama Sifaeli, safari hii machoni kabisa, na yeye hakuwa na pa kuyapeleka macho kwa sababu walikuwa wamesimama uso kwa uso.

"Ni salama?" akamuuliza.

  Mheshimiwa alikohoa kidogo nyuma ya Sifaeli.

"Ni salama, mama," alisema.

Bi Ndeshi alichukua kipande kwa vidole. Hakufanya haraka. Alikiinua, akakisimamisha mbele ya kinywa, akasubiri huku akimtazama. Kisha akakila. Akachukua cha pili, akasubiri vilevile, akakila. Alipomaliza sahani aliirudisha mikononi mwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaanza kupiga makofi, na sisi wote tukapiga.

Watu walijipanga kwenye malori mpaka nyama ikaisha.

*

Kata ya Keremba iliumwa. Siwezi kusema iliumwa nini, kwa sababu tangazo lilisema ni mabadiliko ya hali ya hewa. Zahanati ilijaa mpaka nje kwenye majani. Wengi walipona. Yule bwana arusi wa maharage hakupona, na nilitangaza mazishi yake nikaambiwa nisitaje chanzo.

Bi Ndeshi aliumwa kuliko wengi. Mke wangu ndiye aliyemuuguza, akimnywesha uji kijiko kwa kijiko. Gari la Mkurugenzi lilipita barabarani mara kadhaa katika siku hizo likienda ranchini. Tulilisikia. Yeye naye alilisikia, kwa kuwa kila mara aligeuza kichwa kwenye mto.

Alipopata nguvu ya kukaa nilimuuliza kitu ambacho si cha kazi yangu. Nilimuuliza kwa nini alikula wakati alijua.

 "Nilitaka kuona kama atanishika mkono," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba huenda Mkurugenzi alikuwa na sababu nzuri. Ni jambo ambalo huwa nalisema kwa urahisi. Siku hiyo lilinikwama.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi yenye jua, gari lilisimama kwenye lango lake. Nilikuwa pale nikimsaidia kupukuchua mahindi barazani. Sifaeli alishuka, simu sikioni, mkono mwingine umebeba mfuko wenye sukari na mkate. Amenenepa kidogo. Nyuma yake dereva alishuka na kumfungulia geti la mama yake, geti ambalo alikuwa akilifungua mwenyewe tangu alipoanza kutembea.

Bi Ndeshi aliweka kigunzi chini. Alijifuta mikono kwenye kanga, akasimama kwa taabu akishika nguzo, akapiga goti kidogo, jinsi mtoto anavyofanya mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mkurugenzi," alisema.

Na Sifaeli, ambaye siku hizi anasalimiwa na watu wengi, simu bado sikioni, akaitikia bila kufikiri.

"Marahaba."